‘Ni fataki tu, lala’

Kila tarehe 31 Desemba, saa sita usiku ikikaribia, ploti yetu hapa Huruma huhamia juu. Ni gorofa saba, hakuna lifti, na paa limejaa kamba za nguo, matangi ya maji na dishi za TV ambazo nusu yake zilikufa zamani. Watu hupanda na soda na mahindi ya kuchoma, watoto wamefungwa leso mgongoni, na kila mwenye simu ameielekeza upande wa tao. Saa ikifika, anga linapasuka. KICC kule mbali, Muthaiga upande ule, Eastleigh huku, na wale wasee wa ploti jirani ambao kila mwaka hurusha moja tu, ikapinda, ikaangukia mabati ya mtu. Tunapiga kelele. Tunarekodi video ambazo hakuna mtu atazitazama mara ya pili.

Mathe hajawahi kupanda. Miaka tisa tumeishi hapa, na kila mwaka usiku huo yeye huenda kesha kanisani. Nilidhani ni dini. Kanisa lenyewe liko kwa jumba la mabati karibu na stejini, na lina spika ambazo mtaa mzima umeshazilalamikia kwa chifu. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiende lile kanisa kubwa la mawe alilobatizwa, lililo tulivu na lina viti vya kuegemea. Akaniambia, “Hapa kuna spika.” Nilicheka, nikadhani ananitania.

Nina miaka 24 na riziki yangu hutoka kwa maneno. Naandika, nahariri, natafutia watu kepsheni. Chuo nilisoma isimu mihula mitatu, kisha karo ikakatika, na kilichobaki kutoka huko ni tabia ya kufungua kamusi nikiwa na neno linalonisumbua. Neno ambalo limenisumbua muda mrefu zaidi ni hili, fataki.

Ukimuuliza mtoto yeyote wa Nairobi fataki ni nini, atakuonyesha angani. Ni zile rangi za mwaka mpya. Lakini neno lenyewe halina rangi yoyote ndani yake. Lisome polepole: fa-ta-ki. Huo ni mlio. Kigujarati wanasema fatakda, Kihindi patakha, na ukiwa Ngara au Parklands wakati wa Diwali, maduka yakiwa yamejaa maboksi na watoto wakikimbia na viwashio vya kumetameta mkononi, hutahitaji mkalimani. Pwani na Visiwani utasikia pia fashifashi, na hiyo nayo ni sauti, ule mfyonzo wa kitu kinachopaa kabla hakijapasuka.

Linganisha na Wajapani. Wao huziita hanabi, yaani ua na moto. Aliyetunga neno hilo alikuwa ametulia mahali, pengine kando ya mto, anatazama. Wachina, waliozianzisha, walizipa jina la mwanzi unaolipuka, kwa sababu kabla ya baruti watu walitupa mianzi kwenye moto, hewa ndani ikachemka, ikapasuka, paa! Kwa hiyo Wachina nao walianzia masikioni kama sisi. Baruti ilipopatikana, ule unga wa shura, makaa na kiberiti, mlio ukawa mkubwa zaidi. Zile rangi zilikuja baadaye sana, karne ya 19, wakemia wa Ulaya walipoanza kuchanganya chumvi za madini: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani, sodiamu manjano, shaba bluu. Bluu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu moto ukizidi kidogo rangi inapotea. Ndiyo maana ukitazama vizuri usiku wa mwaka mpya utaona bluu ni haba. Manze, hiyo niliijua nikiwa mkubwa, na tangu siku hiyo kazi yangu pale paani ni kuhesabu bluu.

Nitarudi kwa rangi. Kwanza neno limetembea.

Ukisoma kurasa za michezo utakutana na fataki kila wikendi ya debi. Gor na AFC wakikutana tunaahidiwa fataki, halafu tunakaa dakika tisini tukitazama sare tasa na kadi sita za manjano. Hapo fataki si neno letu, ni Kiingereza kimevaa kanzu. Ni Mwingereza ambaye watu wakikaribia kugombana husema kutakuwa na kazi za moto. Sisi tulikuwa na ya kwetu tayari. Mtu mwenye hasira anawaka. Anakuwakia. Analipuka. Mkutano ukiharibika tunasema moto uliwaka. Sijawahi kusikia mama mboga akisema jana kwake kulikuwa na fataki akimaanisha aligombana na mumewe, na nikimsikia nitaenda kuangalia kama paa bado lipo.

Vuka mpaka wa Namanga, lakini, na neno lina mambo mengine kabisa. Dada mmoja wa ploti yetu, mwenye wafuasi wengi mtandaoni, aliandika Desemba moja: “Mwaka huu nataka fataki kubwa, nimechoka na za majirani.” Sisi Wakenya tulimwekea alama za moto. Watanzania walikuja kwa mamia. Mmoja akamuuliza kama anataka mwenye gari au mwenye nyumba pia. Mwingine akamsihi afikirie wazazi wake. Alikaa siku nzima hajui amekosea wapi.

Iko hivi. Mwaka 2008 Tanzania ilianza kurusha redioni vipindi vifupi kuhusu jamaa mmoja mtu mzima, mwenye pesa kidogo na maneno matamu mengi, anayejaribu kunasa wasichana wa shule. Jina lake lilikuwa Fataki. Kila mara anakaribia kufaulu, kisha mtu aliye karibu anaingilia, mipango inaharibika, anaondoka na aibu. Lengo la kampeni lilikuwa kuwafanya watu wa kawaida waone kwamba kunyamaza ni kosa. Na watu wakalichukua jina, wakalipeleka mtaani. Mzee akimkaribia msichana wa shule pale stendi, mtu anasema kwa sauti, “Huyo fataki!” Basi. Hakuna haja ya hotuba. Sisi huku tuna sponsa, neno ambalo limemvalisha mtu yuleyule suti na kumfanya aonekane kama anafadhili masomo. Kama nikiulizwa nani alichagua neno bora, Bongo wametushinda kwa mbali. Lao linasema wazi kwamba kitu hiki kinang’aa na kitakuunguza.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo ndiyo maana niliyoijua kwanza.

Mwaka 2007 tulikuwa tunaishi Mathare, chumba kimoja cha mabati, mimi na mathe na dada yangu mdogo aliyekuwa bado ananyonya. Nilikuwa na miaka saba. Desemba ile ilikuwa ya baruti. Wenye kukulia mtaani mnajua mchezo ninaousema: spoki ya baiskeli, unga wa vichwa vya njiti za kiberiti na msumari. Ukiibamiza chini inalia kiasi cha kumfanya mlevi arudiwe na akili. Spoki tulipewa na jirani yetu aliyekuwa na kibanda cha kurekebisha baiskeli. Alikuwa anatuwekea zilizopinda kwa mkebe wa kasuku. Mathe alimgombeza mara nyingi kuhusu hiyo biashara, naye akawa anajibu, “Mama, hata wewe ulikuwa mtoto.”

Jumapili tarehe 30, jioni, matokeo ya urais yalitangazwa. Yalitangaziwa KICC, jengo lilelile ambalo sasa tunalielekezea simu zetu. Mimi nakumbuka tu kwamba watu walitoka nje wakapiga mabati kwa mawe, mlio ule ukatembea kutoka mstari mmoja wa nyumba hadi mwingine, halafu ghafla ukakata. Usiku ukaanza mlio wa aina nyingine.

Mathe aliegemeza godoro kwenye ukuta wa mabati, akatuweka chini ya kitanda, yeye akalala upande wa nje. Nikamuuliza ni nini hicho.

“Ni fataki tu, baba. Lala.”

“Za mwaka mpya?”

“Ndio. Za mwaka mpya.”

“Mbona sioni rangi?”

Alinyamaza kidogo. “Ziko nyuma ya nyumba,” akasema.

Nilimwamini. Mtoto wa miaka saba anajua fataki zinapigwa mwisho wa mwaka, na huo ulikuwa mwisho wa mwaka. Nilichukia tu kwamba watoto wa nyuma ya nyumba walikuwa wanaona na mimi sioni. Siku mbili au tatu zilizofuata, kulipotulia kidogo, nikatoroka nikaenda kutafuta masalio. Nilipata. Karibu na mtaro kulikuwa na vijipande vya shaba vya rangi ya dhahabu, vimefanana na vifuniko vya kalamu. Nikaokota kimoja kizuri zaidi. Kitakoni kilikuwa na kiduara kidogo, na katikati ya kiduara kulikuwa na kishimo, kama mtu amekigonga na msumari. Nikakipeleka nyumbani mbio. “Mum, nimepata fataki!”

Ndiyo siku ya kwanza mamangu kunizaba kofi. Kisha akakichukua, akakitupa chooni, akaja akaniosha mikono kwa sabuni ya kufulia mara tatu, nne, kama mtu anayeondoa rangi.

Kibanda cha baiskeli hakikufunguliwa tena. Niliambiwa jirani ameenda ushago. Nilikuwa kidato cha pili nilipojua ukweli, na si kutoka kwa mathe. Vijana walikuwa wanaongea kwa kinyozi, mmoja akamtaja, akataja na mahali alipoangukia. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile ilihesabu vifo 1,133. Kati yavyo 405 vilitokana na risasi. Nilipoisoma hiyo namba mara ya kwanza nilikuwa nasoma kitu kingine kabisa, na nikajikuta nafikiria mkebe wa kasuku uliojaa spoki zilizopinda.

Sasa, kamusi. Chuoni kulikuwa na kamusi nzee ya Kiswahili, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Nikafungua F. Nilitarajia kukuta rangi za angani ndizo za kwanza. Wapi! Fataki ni kile kidude kidogo cha baruti kinachowekwa kwenye bunduki, kikigongwa ndicho kinawasha baruti iliyo ndani ili risasi itoke. Za kusherehekea zinakuja baadaye. Kwenye gobori kilikuwa kikofia cha kuvishwa kwa mkono. Kwenye risasi za leo kimehamia kitakoni, kiduara kidogo, na bunduki ikipigwa kinabaki na kishimo katikati.

Nilikaa na hiyo kamusi mpaka mtu wa maktaba akazima taa.

Miaka yote nilikuwa nimeweka usiku ule kwenye hesabu ya uongo ambao wazazi husema. Kumbe mathe, bila kujua, alikuwa ametumia neno sawasawa. Kile nilichomletea mkononi kilikuwa na fataki kweli. Sijamwambia. Sidhani ni habari ambayo mtu ataifurahia.

Kuna kitu ambacho watu wa mwangaza huwa hawaelewi kuhusu watu wa mlio. Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Siku kumi baadaye, alfajiri, hitilafu ya umeme ikalipuka kwenye bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Umeme tu. Wanafunzi waliokuwa wamelala walisikia kishindo, wakajua imefika zamu yao, wakaruka kutoka gorofa za juu. Mmoja alikufa, zaidi ya mia moja wakaumia. Hakukuwa na mtu mwenye bunduki. Mlio peke yake ulitosha, kwa sababu masikio yao yalikuwa yameshafundishwa siku kumi kabla. Masikio ya mathe yalifundishwa 2007, na hakuna mtu aliyekuja kuyafundisha upya.

Ndipo ikaja 2024. Juni 25 nilikuwa tao kama nusu ya watu wa rika langu, kuhusu Mswada wa Fedha. Sitaisimulia yote, mmeshaona video, na wengine wenu ndio mlikuwa mnazirekodi. Mchana nilikuwa nimejibanza na wasee tusiojuana kwenye ngazi za jengo moja, macho yanachuruzika kwa ajili ya gesi, nje kunalia. Simu ikaita. Mathe. Ningeacha ilie, lakini ungekuwa unyama zaidi.

“Uko wapi?”

“Niko kazini, mathe. Niko ndani.”

Nje kukalia tena, tatu mfululizo, na jengo likarudisha sauti.

“Hiyo ni nini nasikia?”

Sijui neno lilitoka wapi. Halikupitia kichwani. “Ni fataki tu,” nikasema.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani kredo imeisha. Kisha akasema, pole sana, kama anavyoongea na mgonjwa, “Fataki? Mwezi wa sita?”

Sikuwa na jibu. Hakungoja jibu. Akasema, “Lala chini, baba. Usisimame karibu na dirisha.” Akakata.

Nilirudi nyumbani usiku, kwa miguu, nikizunguka njia za nyuma. Alikuwa ameketi kizani na chakula kimefunikwa. Hatukuongea kuhusu simu. Aliniletea beseni, maji na sabuni ya kufulia, nikanawa, naye akasimama pale akinitazama mikono.

Ninaandika haya si ili fataki zipigwe marufuku. Nazipenda, nimeshawaambia nahesabu bluu. Isitoshe, sheria ipo. Fataki nchini ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, ileile ya baruti ya kuvunja mawe machimboni, na anayetaka kuzilipua anapaswa kuwa na kibali. Nyote mnajua ni wangapi huwa nacho mtaani. Shida yangu si usiku wa mwaka mpya, kwa sababu usiku huo hata asiyependa amejiandaa: mwenye mbwa amemfungia ndani, mathe ameenda kwa spika zake. Shida yangu ni ile ya Jumamosi ya kawaida saa tatu usiku, bethdei ya mtu, au timu ya Uingereza imeshinda, na jamaa anawasha boksi zima katikati ya maploti bila kumwambia yeyote. Kwa sekunde tano za kwanza hakuna anayejua ni sherehe. Katika ploti yetu nimeona mwanamke mzima akiingia chini ya meza ya M-Pesa, kisha akatoka akijifanya ameangusha kitu.

Ploti nyingi sasa zina grupu ya WhatsApp, ile ya kugombania maji na takataka. Ujumbe mmoja tu ungetosha: “Wakuu, leo saa tatu tuna bethdei, tutalipua kidogo.” Mara mbili mwaka jana jirani wa gorofa ya nne alifanya hivyo, na mathe alifunga dirisha mapema, akaweka redio juu, akaendelea kusuka mkeka wake. Haikugharimu hata bando ya bob kumi.

Na kwa wale ambao wakisikia mlio wanashindwa kujua, kuna jambo moja nililolitoa kwa masomo ya fizikia ya shule na limenisaidia. Mwanga hufika kwanza. Sauti hutembea mita kama 340 kwa sekunde, polepole ajabu. KICC kutoka kwetu ni karibu kilomita saba, kwa hiyo unaona ua zima limefunguka, limefifia, limekufa, unahesabu mpaka ishirini ndipo mlio wake unafika umechoka. Fataki ya angani hujitangaza. Inapiga mluzi ikipanda, inaonyesha rangi, halafu ndiyo inalia. Ule mwingine haukuonyeshi chochote.

Desemba hii mathe aliumwa na goti, hakuweza kwenda kesha. Mara ya kwanza kwa miaka tisa alikuwa nyumbani usiku wa tarehe 31, na mimi sikupanda juu. Tuliketi na chai. Ikafika saa sita, ikaanza. Vikombe vilitikisika kidogo kwa zile za ploti jirani. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na akaniangalia mimi, hakuangalia dirisha.

“Hizo ni fataki?”

“Ni fataki, mathe.”

“Una uhakika?”

Nikamwambia twende akaone mwenyewe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaomba leso yake. Ngazi zilituchukua muda, goti na giza, na kila mlio ukija alisimama, akashika ukuta, akangoja uishe ndipo ainue mguu. Hakuvuka mlango wa paani. Alisimama pale kizingitini, nusu ndani, watu wakampisha wakimpa heri ya mwaka mpya.

Nikamwonyesha upande wa Muthaiga. Moja ikapanda, ikafunguka nyekundu, kubwa, bila sauti yoyote. Nikamwambia, “Sasa hesabu.”

“Nihesabu nini?”

“Hesabu tu.”

Akaanza kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu. Alipofika tisa, ukaja mlio, hafifu. Alishtuka bado. Lakini alishtuka kidogo, kama mtu aliyebishiwa hodi na mgeni aliyekuwa anamngoja. Ikapanda nyingine, naye akahesabu tena, bila kuambiwa. Ya tatu ilikuwa kijani, ikamwagika kama mti wa mvinje.

“Kumbe ziko na kijani,” akasema.

“Ni bariamu hiyo.”

“Ni nini?”

“Madini fulani, mathe.”

Aliendelea kutazama upande ule, midomo ikisogea, sita, saba, nane. Nilitaka kumwonyesha bluu, lakini usiku huo hazikuwa nyingi. Baada ya kama dakika kumi akasema ameacha chai jikoni na gesi iko juu, akageuka, akaanza kushuka, mkono ukutani, zikiwa bado zinalia.